Kisanduku cha saiprasi na rangi isiyodanganya

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa na kuipita Kengeleni, unaingia Kisauni, nchi ya maseremala. Kuanzia Mlaleo na Bakarani hadi Mishomoroni na Kiembeni, karakana za mbao zimepangana kando ya barabara na ndani ya vichochoro. Nyingi ni paa la mabati tu juu ya nguzo, benchi moja, randa ya umeme na kibao kinachotangaza vitanda, makochi na milango. Jioni kazi inapofungwa, maranda hufagiwa pamoja na vipande vilivyobaki: vibao vya urefu wa kiganja au mkono, vya saiprasi, paini au mwembe, na mara mojamoja mahogani. Vingi huishia jikoni, chini ya sufuria ya mbaazi.

Vibao sita vya namna hiyo, gundi ya mbao na bawaba mbili ndogo vinatosha kwa kisanduku cha kuweka mezani. Humo zitakaa funguo na rimoti, udi na chetezo kidogo, tasbihi, dawa za mama, au vile vipuli ambavyo kila siku hutafutwa chini ya mto. Kukiunga kisanduku hakumshindi fundi yeyote wa Kisauni. Kazi hukwama kwenye kukimaliza, yaani msasa, rangi na vanishi. Huko ndiko kibao cha kuni hugeuka pambo la sebule, au kubaki kibao cha kuni chenye rangi juu yake.

Pwani ya makasha

Watu wa pwani hawakuwahi kukidharau kitu cha kuhifadhia. Kasha lililopigiliwa misumari ya shaba, ambalo wauzaji wa vitu vya kale huliita la Kizanzibari, lilifika kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba. Mengi yalikuwa ya msaji, na baadhi yalikuwa na vidroo vya siri ndani. Nahodha alikuwa na lake la safari. Bibi harusi alikuwa na lake chumbani, na humo mlikaa nguo, dhahabu na hati za shamba. Pembeni ya kasha kubwa kulikuwa na vyombo vidogo: kibweta cha vito, na kijaluba cha shaba au cha fedha kwa ajili ya tambuu.

Rangi nayo haikuwa ngeni. Matendegu ya vitanda vya zamani vya Lamu yalikerezwa kisha yakatiwa nyekundu na nyeusi, mstari kwa mstari, na majahazi nayo yalitiwa urembo wa rangi kwenye tezi.

Lisilosimuliwa sana ni habari ya vanishi. Katika karne ya 19, vanishi bora duniani ilitegemea sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi uliokaa ardhini hata ukawa mgumu kama jiwe. Wachimbaji wa Mrima, pwani ya Tanganyika inayoikabili Zanzibar, waliifukua kwa majembe, ikavushwa hadi Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa na wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuja na vitambaa vyao vya merikani kuvibadilisha kwa sandarusi, pembe za ndovu na karafuu. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na miaka michache baadaye Marekani ikawa na balozi mdogo Unguja. Mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, ulikuwa na kiwanda cha kuisafisha sandarusi hiyo kabla haijauzwa kwa wapika vanishi. Magari ya farasi na samani za matajiri wa ng'ambo zilimeta kwa utomvu uliotoka upande huu wa bahari.

Leo mkebe wa vanishi kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kongowea au Mwembe Tayari una kemikali za viwandani ndani yake. Hakuna ubaya: inakauka upesi na inastahimili. Lakini kijana wa Kisauni anayeushika mkebe huo hashiki kitu cha kigeni. Pwani hii iliwahi kuuza malighafi yake bora.

Mbao zilizotuponyoka

Kama vanishi ilikuwa yetu, na mbao nzuri zilikuwa zetu. Mvule, mpingo na mhugu zimejenga jina la ufundi wa Afrika Mashariki. Uchongaji wa biashara nchini Kenya huhusishwa zaidi na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kazi hiyo ilihamia mjini pamoja na Wakamba waliokuja Mombasa, na chama chao cha ushirika cha wachongaji huko Changamwe kikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya vinyago nchini.

Mafanikio hayo yaliula msitu. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100, au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Ulipoadimika, wachongaji waligeukia mhugu, na wakataji haramu wakauandama hadi ndani ya Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 huko Kilifi. Hapo ndipo ujanja mwingine ulipozoeleka: kinyago cha mti mweupe hupakwa kiwi nyeusi ya viatu, kinasuguliwa mpaka kinang'aa, na mtalii wa ufukweni anaambiwa ni mpingo. Akifika nyumbani akikipangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinamsimulia yaliyotokea.

Kulikuwa na jibu bora. Kuanzia miaka ya 1990, mashirika ya uhifadhi, likiwemo WWF, yaliwahimiza wachongaji watumie miti inayoota upesi: mwarubaini, mwembe, jakaranda na mgrivelia. Mwarubaini, ambao wengine huku pwani huuita mkilifi, umejaa uani kwa watu kutoka Likoni hadi Malindi. Mbao zake zina wekundu wa kupendeza na uchungu ambao wadudu hawaupendi.

Saiprasi na paini zenyewe si za kuchezea tena. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei za mbao zikapanda. Mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, ila somo lilibaki karakanani: kipande kinachotupwa kimelipiwa. Kisanduku ni njia ya kuirejesha shilingi iliyokwisha kutumika.

Msasa kwanza

Mwenye kuanza hukimbilia brashi. Fundi aliyebobea hutumia nusu ya muda wake, au zaidi, kabla mkebe haujafunguliwa, kwa kuwa rangi haifichi kasoro. Mkwaruzo usioonekana kwenye mbao kavu hujitokeza mweusi mara tu steini inapopita.

Anza na msasa namba 80 kuondoa alama za msumeno na randa, kisha 120, kisha 180. Kwa kisanduku cha mezani maliza na 220. Usiruke namba, maana kila msasa kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Sugua kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi kwa mkingamo, alama hazitatoka. Msasa ukishapita, pangusa mbao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyuzi zitasimama kama nywele. Ziache zikauke, kisha zipitie kwa mkono mwepesi kwa 220. Hatua hii ya dakika chache ndiyo inayozuia kisanduku kisirudi kukwaruza mkononi baada ya rangi ya maji.

Adui wa pili ni gundi. Tone lililofutwa kwa kidole likasambaa huziba vinyweleo vya mbao, na steini ikipita hapo inaacha baka jeupe ambalo hakuna mkono wa pili utakaoliondoa. Gundi iliyotoka pembeni iachwe igande nusu, ikwanguliwe kwa patasi, kisha mahali pale papigwe msasa upya. Mashimo ya misumari yazibwe kwa unga wa msasa wa mbao ileile uliochanganywa na gundi, kwa sababu puti nyeupe ya madirisha haiikubali steini.

Chai, siki na stilwaya

Steini ni kama hina: inazama, na mistari ya ngozi inaendelea kuonekana. Rangi ya mkebe hukaa juu na kufunika. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kisanduku ni kama mbao zake zinastahili kuonekana. Mwembe wenye michirizi, mwarubaini na mahogani zipewe steini au vanishi tupu. Paini yenye mafundo mabaya au vibao vya miti mitatu tofauti vilivyoungwa pamoja vipakwe rangi.

Saiprasi na paini zina tabia yao. Ni mbao laini zinazokunywa bila usawa: hapa sana, pale kidogo, na kwenye ncha zilizokatwa ndiko zaidi. Steini ya moja kwa moja huzitia mabaka. Dawa yake ni kuzipaka kwanza sila au vanishi iliyozimuliwa sana kwa tapentaini, ziache zikauke, zipigwe msasa mwepesi, ndipo steini ifuate. Steini ipakwe kwa kitambaa cha pamba, iachwe dakika chache, na iliyozidi ifutwe yote. Ukitaka giza zaidi, rudia kesho. Steini nene isiyofutwa haikauki vizuri, na vanishi itakayofuata itabanduka nayo.

Asiyetaka kununua steini anaweza kuipika jikoni. Chai ya majani iliyochemshwa nzito, bila sukari wala maziwa, huipa mbao nyeupe rangi ya asali. Kahawa nyeusi huipa udongo. Kwa weusi wa kweli, chukua stilwaya ya kusugulia sufuria, isiyo na sabuni, iloweke kwenye siki nyeupe ndani ya chupa kwa siku kadhaa. Usikaze kifuniko na usiiweke karibu na jiko: siki inapokula chuma hutoa gesi inayoweza kupasua chupa na inayoshika moto. Chuja kwa kitambaa. Paka mbao chai kwanza, zikauke, kisha paka maji ya stilwaya. Katika dakika chache mbao zitageuka kijivu, halafu nyeusi, mbele ya macho yako.

Uchawi haumo. Chai ina tanini, na chuma kilichoyeyuka katika siki kikikutana na tanini huzaa rangi nyeusi ndani ya mbao zenyewe. Tanini hiyohiyo ndiyo iliyoyafanya maganda ya mkoko kuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani hii kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Leo mikoko ya hori ya Tudor ina kazi kubwa zaidi: kulea samaki na kushikilia ufuo, kwa hiyo majani ya chai yanatosha.

Kabla ya kukwangua cha zamani

Si kila kisanduku hutoka kwenye mbao mpya. Wengi huokota kikuukuu nyumbani au kukinunua kwenye mitumba, na mkono wa kwanza huwa wa kukikwangua rangi. Hapa Mombasa, hilo lifanywe kwa tahadhari.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zing'ae. Kiwango kinachokubalika sasa Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini rangi iliyopakwa miongo iliyopita haikukijua kiwango hicho. Msasa mkavu huigeuza vumbi, na vumbi huingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Kaunti hii haihitaji kuhubiriwa. Kijiji cha Owino Uhuru, upande wa pili wa hori ya Tudor huko Mikindani, kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na wakazi wakaathirika kwa sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati zao, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa, Mahakama ya Juu ikawapa haki Desemba 2024. Kisanduku kimoja si kiwanda, lakini vumbi ni vumbi. Rangi ya zamani usiyoijua ilowanishwe kabla ya kusuguliwa, kazi ifanyike nje, mabaki yakusanywe kwenye mfuko, na watoto wawe mbali. Kama rangi bado imeshika imara, afadhali kuipaka nyingine juu kuliko kuisumbua.

Maua ya leso kwenye kifuniko

Kisanduku cha rangi kinahitaji mkono wa msingi, kisha mikono miwili myembamba ya rangi yenyewe. Mkono mmoja mnene hutiririka pembeni na kukauka juu huku ndani ukiwa mbichi. Rangi ya maji inafaa kwa nyumba ya chumba kimoja yenye watoto, kwa kuwa haina harufu kali na brashi huoshwa kwa maji tu. Rangi ya mafuta ni ngumu zaidi, ila inadai hewa na subira.

Cha kuchora hakina haja ya kutafutwa mbali. Ua la korosho lililotapakaa kwenye leso za Biashara Street, mahali ambapo duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza leso tangu 1887, ni kiolezo tosha. Lipige chapa kwenye karatasi ngumu, likate kwa wembe, libandike juu ya kifuniko kwa selotepu ya karatasi, kisha gonga rangi kwa sponji iliyokaribia kukauka. Ukizamisha sponji, rangi itapenya chini ya kigezo na ua litavimba. Rangi mbili zinatosha. Leso yenyewe ilishatufundisha kwamba pindo na mji vikigombana, nguo haivaliki. Wachoraji wa matatu na tuktuk wanaoandika kwa brashi majina yasiyotetereka wapo tele Kisauni. Jina la bibi harusi lililoandikwa na mkono wao juu ya kibweta ni zawadi isiyopatikana kwenye rafu ya supamaketi.

Ndani usipake vanishi ya mafuta. Kisanduku hufungwa, na harufu iliyofungiwa hukaa wiki kadhaa ikiambukiza udi, nguo na karatasi. Acha mbao tupu, au bandika kipande cha leso kuukuu kwa gundi nyepesi.

Kaskazi, masika na vanishi

Vanishi ndiyo inayobeba lawama nyingi, na mara nyingi kosa ni la hewa. Unyevu wa Mombasa hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka. Vanishi au laka inayopakwa mvua ikinyesha hushika mvuke na kufanya utandu mweupe, na ile inayopakwa jioni hulala na umande. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio rafiki wa kazi hii. Masika ya Aprili na Mei si wakati wake, isipokuwa una chumba kikavu. Katika siku yoyote, subiri umande uishe, paka asubuhi, na usipake juani: jua kali hukausha ngozi ya juu na kuacha mapovu chini.

Mikono mitatu myembamba inatosha, na kati ya mkono mmoja na mwingine ni msasa wa 320, mwepesi, kisha kitambaa. Mafuta ya nazi na ya kupikia yasitumike kung'arishia: hayakauki, yanabaki kunata na kukusanya vumbi. Mafuta ya kitani hukauka, lakini vitambaa vilivyoyanywa hujipasha moto vyenyewe vikirundikwa, na vimewahi kuunguza karakana. Vitandazwe nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishwe kwenye maji kabla ya kutupwa.

Bei na maneno ya chini

Kisauni si ngeni kwa biashara ya kazi za mikono. Karakana za Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi, zilianzishwa mwaka 1969 na zimekuwa zikiwaajiri watu wenye ulemavu katika kutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi na mbao vinavyonunuliwa hadi ng'ambo. Waliofanikiwa hapo hawakuuza huruma. Waliuza kazi iliyomalizika, ambayo mnunuzi akiigeuza huku na huku haoni tone la gundi.

Vijana wa karakana za barabarani wanaweza kufuata njia hiyo, ila wahesabu vizuri. Kipande cha mbao kinaweza kuwa cha bure, lakini misasa ya namba tofauti, mikono mitatu ya vanishi na siku mbili za kusubiri si bure. Anayeuza kisanduku kwa bei ya mbao ameitoa kazi yake sadaka. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini hawakusema kinajipangia bei.

Wala mteja si lazima awe mtalii wa Bamburi. Nyumba mpya za Kiembeni, Mtopanga na Utange zina sebule zenye televisheni kubwa na meza tupu. Mama wa Kisauni anayejua thamani ya udi atanunua pa kuuwekea, mradi asidanganywe.

Kila kisanduku basi kiandikwe kwa chini, kwa kalamu isiyofutika: ni mbao gani, na kimetiwa nini. "Saiprasi, chai na siki." "Mwarubaini, vanishi tupu." Biashara ya kiwi nyeusi ilijengwa juu ya mnunuzi ambaye hatarudi kwa sababu ndege yake inaondoka Jumamosi. Mnunuzi wa Kisauni anakaa mtaa wa pili, na wiki ijayo dada yake anaolewa.